Windows 10 imefika ukingoni, mwenye duka achague mfumo upi wa kompyuta?

WENYE maduka ya pembejeo, wafugaji wa kuku, wanunuzi wa mazao na wafanyabiashara wengine wadogo ambao kompyuta zao zinatumia Windows 10 wanalazimika kufanya uamuzi ambao wengi wao hawakuuwekea bajeti. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo uliotoka mwaka 2015, ikiwa ni pamoja na masahihisho ya bure ya kuziba mianya ya usalama.

Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka asubuhi kama kawaida, Excel ikafunguka na printa ikatoa karatasi. Ndiyo maana wengi hawakushtuka, na mpaka leo wapo wanaouliza kama kuna haja yoyote ya kuhangaika.

Haja ipo. Kompyuta isiyopata masahihisho ni sawa na banda la kuku ambao hawajachanjwa kideri. Kuku wataendelea kutaga na kula pumba vizuri tu, hadi siku ugonjwa utakapopita kijijini. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu na taasisi katika nchi takribani 150 na kudai fedha ili yafunguliwe, na hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa Machi mwaka huohuo. Walioathirika wengi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimewekewa dawa hiyo. Kwa mwenye duka ambaye daftari lake la madeni ya wakulima liko ndani ya faili moja la Excel, hasara ya namna hiyo ni msimu mzima wa mbolea usiolipwa.

Sasa njia ziko kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kununua muda. Microsoft iliweka mpango wa masahihisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani, uliopangwa kuishia Oktoba 13, 2026. Bei yake ni dola 30 za Marekani, yaani zaidi ya Sh70,000, ingawa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft hupata bila kulipa. Malipo hayo yanaweza kutumika kwa mashine hadi 10 zilizo chini ya akaunti moja. Ni njia nzuri kwa aliyebanwa, lakini ni ya kuvukia tu.

Njia ya pili ni kuhamia Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Hapa ndipo penye mtego, hasa kwa mnunuzi wa mtumba. Mfumo huu haukubali kila kompyuta. Unataka angalau gigabaiti 4 za RAM, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel za aina ya Core, orodha hiyo kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8.

Kukijua kizazi si kazi ngumu. Tazama namba iliyo baada ya jina la prosesa. Ikisomeka i5-7200U, tarakimu ya kwanza ni 7, basi ni kizazi cha 7 na haikubaliki. Ikisomeka i5-8250U ni kizazi cha 8, inakubaliwa. Kwa sura laptopu hizi mbili zinaweza kufanana kama mapacha, na muuzaji akapanga bei zisizotofautiana sana, kumbe moja ina miaka mbele yake na nyingine imeshafika mwisho wa safari. Usiridhike na stika iliyobandikwa karibu na kibodi, kwani stika huhamishwa. Washa mashine, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma mwenyewe jina la prosesa. Rudia tena, safari hii uandike tpm.msc, uone toleo la TPM.

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na mikoani zilitumika kwanza katika ofisi za nje. Ofisi hizo zinapoziondoa mashine zisizoweza kupokea Windows 11, mashine hizo hutafuta mnunuzi mwingine. Asije akawa ni wewe bila kujua. Ukijua, na bei ikawa ya kweli, ni jambo jingine kabisa, kama tutakavyoona.

Kuhusu gigabaiti 4 za RAM, hicho ni kiwango cha kuingilia mlangoni tu. Mashine ya namna hiyo ikifungua kivinjari, Excel na WhatsApp kwa pamoja, mteja atasubiri risiti mpaka achoke. Gigabaiti 8 ndizo za kufanyia kazi, na diski iwe ya SSD, si ile ya zamani inayozunguka. Kwa maoni ya mwandishi, kama una fedha ya kufanya jambo moja tu kwenye kompyuta nzee, badilisha diski kwanza. Hakuna matengenezo yanayoonekana haraka kama hayo.

Wapo mafundi wanaoweza kupiga Windows 11 hata kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, na inawaka. Hata hivyo Microsoft haiahidi kuwa mashine hiyo itaendelea kupata masahihisho, na masahihisho ndiyo sababu ya kuhama. Vivyo hivyo kwa Windows na Office za kuchakachua. Anayevunja kufuli ya programu ndiye anayejua ameacha nini ndani, na wewe ndiye unayeingiza humo nywila ya benki.

Bure, lakini si kwa kila mtu

Njia ya tatu ni Linux. Asili yake ni kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na leo inatolewa kwa majina mengi. Kwa mtu wa kawaida mawili yanatosha: Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu na ambayo sura yake haimpi shida aliyezoea Windows. Zote mbili ni bure kisheria. Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, inapata masahihisho hadi mwaka 2029, na inahitaji gigabaiti 2 tu za RAM, ingawa 4 ndizo zinazoshauriwa. Ile laptopu ya kizazi cha 6 au 7 iliyokataliwa na Windows 11 hapa inafanya kazi vizuri.

Linux nyingi huja na LibreOffice, ambayo ina karatasi ya hesabu, ya kuandikia barua na ya kutengenezea mawasilisho. Inafungua mafaili ya Excel na Word na kuyahifadhi kwa muundo huohuo. Si jambo geni kabisa kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010. Inasikitisha kwamba kazi ile haikufika kwenye maduka mengi.

Jambo zuri zaidi la Linux ni kwamba unaweza kuijaribu kabla ya kuiweka. Fundi anaiandika kwenye flashi ya gigabaiti 8, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, na mfumo unafanya kazi bila kugusa kitu kwenye diski. Hapo ujaribu mambo yako mwenyewe. Je, intaneti inashika? Printa inachapa? Modemu inatambulika? Faili la madeni linafunguka na jumla zake ziko sawasawa? Kama faili lako lina vitufe na amri za kujiendesha alizokutengenezea mtu, liangalie kwa makini, maana hapo ndipo LibreOffice hukwama. Ukimaliza unazima, unachomoa flashi, na Windows yako inarudi kama ilivyokuwa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu upande wa pili. Mwenye kuweka hesabu zake kwa Tally asihamie Linux. Programu hiyo imetengenezwa kwa Windows, na mhasibu anayekuja mara moja kwa mwezi hatakubali kujifunza nyingine kwa ajili yako. Mashine ndogo za EFD zinazokaa kaunta zinajitegemea na hazijali kompyuta yako inatumia nini, lakini anayetumia printa au kifaa cha EFD kinachounganishwa na kompyuta amuulize kwanza msambazaji wake kama kinakubali Linux. Mara nyingi jibu ni hapana. Halafu kuna suala la fundi. Windows kila mji una wa kuitengeneza. Linux ikigoma siku ya gulio, nani utampigia simu? Kama hapo ulipo hakuna hata mmoja anayeijua, hiyo nayo ni gharama, hata kama haimo kwenye risiti.

Chromebook na Mac

Chromebook ni laptopu zinazotumia mfumo wa Google. Ni nyepesi, zinawaka haraka na virusi vya Windows havina nafasi humo. Kazi zake nyingi hufanyika ndani ya kivinjari, kwa hiyo zinamfaa mwenye mtandao wa uhakika kuliko aliye bondeni ambako mnara unashika ukipanda kilimani. Unaweza kuandika bila mtandao, lakini lazima upange hivyo mapema. La kuangalia ni tarehe. Kila Chromebook ina siku ya mwisho ya kupata masahihisho, na zile zilizotoka kuanzia mwaka 2021 zina miaka 10 tangu modeli yake iingie sokoni, si tangu wewe uinunue. Za mtumba zinazoonekana kuwa za bei ya kutupa mara nyingi tarehe yake imepita. Iangalie kwenye mipangilio kabla ya kutoa fedha.

Mac za Apple ni mashine imara, na zile zilizotoka tangu mwishoni mwa 2020 zikiwa na prosesa za M1 na za baada yake zinakaa na chaji kwa saa nyingi. Kwa duka na shamba bado sizishauri. Vipuri ni ghali, RAM haiongezwi na Tally haimo. Anayetaka kununua ya mtumba aelewe kuwa Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba toleo la macOS la mwaka huo, Tahoe, ni la mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel.

Umeme na bando

Bei ya mfumo siyo pekee inayotafuna mfuko. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100 na zaidi, wakati chaja ya laptopu ya kawaida ni ya wati 65 au pungufu. Kwa mfugaji anayetumia sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama taa za vifaranga zitafika alfajiri. Laptopu pia haizimiki katikati ya kuandika umeme unapokatika, mradi betri yake ni nzima.

Bando nalo. Windows hupakua masahihisho yenyewe, na yanaweza kufika gigabaiti kadhaa kwa mkupuo. Anayetumia intaneti ya simu aingie kwenye mipangilio ya mtandao na kuuweka kama unaolipiwa kwa kipimo, ili mashine ipunguze ulafi. Akipata Wi-Fi ya bei nafuu mjini, aruhusu masahihisho yote hapo. Linux Mint humwonyesha mtumiaji kilichopo na kumwachia achague saa ya kupakua, lakini faili lake la kuanzia ni karibu gigabaiti 3, hivyo ni nafuu kulipata kwa fundi.

Kwa hiyo mwenye Tally na kifaa cha EFD cha kuunganisha abaki Windows, na kama mashine yake ni ya kizazi cha 7 kushuka chini, aanze kuweka akiba ya nyingine. Mfugaji anayeandika mayai, chakula na mauzo, anayesoma bei za mazao na kuwasilisha ritani kwa mtandao, hana sababu ya kutupa kompyuta nzima. Linux Mint itamtosha, hasa kama ana kijana nyumbani asiyeogopa kuichezea. Mwenye kompyuta mbili anaweza kuanza na ile ya akiba, aone miezi miwili, mitatu.

Vyovyote utakavyochagua, fundi anapobadilisha mfumo kwa kawaida hufuta diski yote. Kabla hajaanza, nakili mafaili yako kwenye flashi mbili, si moja, kisha uzifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine ili uhakikishe zinasomeka. Flashi moja ibaki nyumbani, usiende nayo kwa fundi.