Viraka vilivyonunua ekari 23

Mwaka 1932 wakulima wa pamba wa Gee's Bend, kaunti ya Wilcox katika jimbo la Alabama, Marekani, walipoteza karibu kila kitu. Mwenye duka aliyekuwa akiwakopesha hadi mavuno alifariki, na mjane wake akadai madeni yote kwa mkupuo. Nyumbu, ng'ombe, zana na hata mahindi ya chakula vilichukuliwa.

Kilichobaki ni matambara. Akina mama wa kijiji hicho cha Wamarekani Weusi walikata nguo za kazi zilizochakaa na magunia, wakaunganisha vipande kuwa mfarishi, yaani blanketi la viraka lenye pamba katikati. Mara nyingi kila mama aliunganisha viraka vyake peke yake nyumbani. Kazi ya kushonea tabaka zote pamoja ndiyo iliyowakutanisha: mfarishi uliwambwa kwenye fremu ya mbao, wakauzunguka na sindano zao huku wakiimba na kusali.

Miaka ya 1960 walipoanza kudai haki ya kupiga kura, baadhi ya familia zilifukuzwa kwenye ardhi walizolima kwa kupanga. Kasisi Francis X. Walter aliiona mifarishi hiyo, akainunua kwa dola 10 kila mmoja na kuipeleka mnadani New York. Machi 1966 akina mama wapatao 60 wakaanzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee, ambao Estelle Witherspoon aliusimamia kwa miaka mingi.

Fedha hazikuishia kwenye kitoweo. Mwaka 1968 ushirika ulinunua ekari 23, ukajenga karakana na kuuzia viwanja familia nane zilizokuwa zimefukuzwa.

Lakini soko lilikuwa na masharti yake. Maduka makubwa yalitaka mifarishi inayofanana, yenye vipimo sawasawa, na fundi aliyezoea kukata kwa kukisia kwa jicho ilimbidi ashike rula. Kwa kikundi chochote kinachouza kazi za mikono, jambo hilo si geni. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za kodrai. Malipo yakawa ya uhakika, ila mtindo haukuwa wao.

Mabaki ya kodrai waliyabeba nyumbani, wakajishonea mifarishi walivyopenda wenyewe. Baadhi ya hiyo, pamoja na ile ya zamani ya nguo za kazi, ndiyo iliyotundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002, kisha New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake.

Sifa ilipokuja, ugomvi wa fedha ukafuata. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai hawakulipwa haki yao kwa mifarishi na michoro yake. Ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Ushirika wenyewe, uliokuwa umepungukiwa wanachama kwa uzee na vifo, ulifungwa mwaka 2012.

Mwaka 2021 baadhi ya washonaji wa Gee's Bend walifungua maduka yao kwenye intaneti. Mteja humwona aliyeshona kwa jina, na bei anaipanga mshonaji mwenyewe.