Campo Ni ya Mtaa

Msee akiland Italia, form huwa ni Roma, Venezia, alafu mapicha. Poa. Lakini ka uko Firenze na una siku haina kazi, panda basi ya Siena. Treni iko pia, ni vile inakuachanga chini ya mlima. Ukifika juu ni mguu tu, ju ndai za kawaida zilifungiwa nje ya mji wa kitambo tangu miaka ya 1960. Unakata kachochoro kamoja kembamba, ukuta huku, ukuta kule, mara paap! Piazza del Campo yote iko mbele yako.

Cheki chini kwanza. Campo imeinama, kila upande unateremkia kwa Palazzo Pubblico, base ya serikali ya mji. Matofali nyekundu zimelazwa ka mifupa ya samaki, na mistari ya mawe nyeupe imeigawa vipande 9. Hio 9 ilipangwa. Kutoka 1287 hadi 1355 Siena ilikuwa inashikiliwa na wasee 9, wanaitwa tu i Nove, wengi wao watu wa biashara na doo. Kila baada ya miezi 2 wanatoka, wengine wanaingia, ndio msee asizoee kiti. Hao ndio walilaza hii matofali, ikaisha 1349, mwaka moja tu baada ya ile tauni kubwa kufagia mji.

Na walikuwa wakali. Tangu 1297 sheria ilisema ukijenga keja inaangalia Campo, madirisha zifanane na za palazzo, na balkoni hakuna. Yaani hata ukuwe dosi aje, ukuta wako wa mbele ni wa kila mtu. Manze, hio sheria ndio inanibamba kuliko kanisa zote na sanamu zote za huko. Wasee wa zaidi ya miaka 700 iliyopita walijua mahali pa watu panaharibiwanga na msee mmoja mwenye ganji, wakamziba mapema.

Ingia ndani ya palazzo ucheki venye hao Nove walikuwa wanajikumbusha kazi yao. Kwa rumu yao ya mikutano, Ambrogio Lorenzetti alichora kuta 1338 na 1339. Ukuta moja ni mji wenye uongozi mpoa: fundi wako job, maduka ziko wazi, watu wanadansi barabarani. Ukuta ingine ni jitu la mapembe limekaa kwa kiti, na mji umevunjika. Kila wakipitisha kitu, hio picha inawaangalia. Mnara wa kando, Torre del Mangia, una ngazi ka 400 na view ni noma, lakini ka muda ni kidogo, mi nakushow chagua kuta za Lorenzetti.

Sasa, Palio, mbio za farasi za hapa Campo. Siena iko na mitaa 17, zinaitwa contrade, na kila moja iko na rangi, kanisa, makumbusho, na chemchemi ya kubatizia watoi wake. Mtoi ni wa Oca ama Torre ama Giraffa mpaka adedi. Julai 2 na Agosti 16, mitaa 10 zinaleta farasi Campo, ju zote 17 haziwezi toshea. Wanamwaga udongo pembeni, farasi zinazunguka mara 3, hakuna tandiko ya kukalia mgongoni, na dakika moja na nusu haiishi kabla kila kitu kuisha. Farasi inagawanywa kwa kura, so mtaa haujichagulii farasi. Na ka jamaa wa kuendesha ameanguka, farasi ikifika kwanza bila yeye, mtaa umeshinda. Zile ngori za Oca na Torre ni za kitambo sana, na ukipoteza kwa adui inauma kuliko kumaliza wa mwisho.

Kuna kitu siwezi ficha. Kona ya San Martino ni kali, inashuka na kukata saa hio hio, na farasi zimeumia hapo, zingine zimedead. Wameweka magodoro ukutani. Kuna watu wanataka mbio iishe kabisa, na mi nawaelewa.

Ukitaka kuona, viti za pembeni ni bei mbaya, lakini katikati ya Campo ni bure. Beba maji na kofia, enda choo mapema, ju wakifunga njia utasimama masaa mob. Ka hio presha si yako, kuja siku 3 kabla. Kuna mbio za majaribio 6, asubuhi na jioni, watu si wengi hivo, na watoi wa kila mtaa wanajazana kwa viti za mbele ya palazzo wakiimbiana matusi na mapenzi ya mtaa kwa sauti yote wako nayo. Hio pia ni bure.