Je, Wajua? Maikrofoni ikipanda, walio nyuma husikika

Je, wajua kwamba ukinasa nyimbo za morani wa Kisamburu kule Isiolo, urefu wa stendi ya maikrofoni ndio huamua nani atasikika na nani atamezwa? Tuseme midomo ya waimbaji iko mita 1.5 kutoka ardhini, safu ya mbele iko mita 1 kutoka kwenye stendi na ya nyuma mita 4. Maikrofoni ikiwa usawa wa midomo, walio nyuma wako mbali mara nne, na hapo uwanjani sauti yao hufika ikiwa chini kwa desibeli 12 hivi. Ipandishe hadi mita 3, uiinamishe kuwaelekea, na tofauti hiyo hushuka hadi desibeli 7 na nusu. Wote sasa wamo.

Samburu huimba bila ngoma. Mdundo hutoka kifuani na miguuni. Maikrofoni ya chini hujaa vishindo vya wanaoruka na mchakacho wa shanga. Kishindo hupanda hata kupitia chuma cha stendi, kwa hiyo weka kipande cha sponji chini yake.

Lakini juu upepo ni mkali zaidi, na kifuniko cha manyoya hakiepukiki. Hugh Tracey, aliyenasa muziki wa Kenya mwaka 1950, alizoea kuishika maikrofoni mkononi na kumfuata mwimbaji. Kwa mwimbaji mmoja aliyeketi, kama mpiga nyatiti, hakuna mbinu bora kuliko hiyo. Kwa kundi linaloruka, ningechagua stendi ndefu.