Injini ndogo za mvuke: fundi hutengeneza peke yake, boila hupimwa na mwingine

Kunako mwezi wa Agosti 1968, shirika la reli la serkali nchini Uingereza lilisimamisha treni zake za mwisho za mvuke kwenye njia kuu. Hata hivyo, mvuke haukuzimika katika nchi hiyo. Nyuma ya nyumba, ndani ya vibanda na magaraji, walimu, madereva, wahasibu na wastaafu wangali wanatengeneza injini ndogo za mvuke kwa mikono yao. Si mapambo ya kuwekwa kabatini. Zinakunywa maji, zinakula moto na kuzungusha gurudumu kama zile kubwa.

Kazi hiyo inafundisha mengi kuhusu chuma na vipimo. Lakini somo lake kubwa liko kwenye boila, yaani chungu kile kinachochemsha maji na kuzuia mvuke. Hapo mchezo unakwisha.

Kwanza injini

Wengi huanza na injini moja ndogo ya kusimama, inayojulikana kwa jina la Stuart 10V. Pistoni yake ina upana wa milimita 19 na inapanda na kushuka milimita 19 vilevile. Gurudumu lake zito lina upana wa milimita 76 hivi. Anayenunua vipande vyake hapokei injini. Anapokea vyuma vilivyomiminwa, vingali na ngozi ya mchanga wa kalibu, pamoja na mchoro. Kazi iliyobaki ni yake.

Ndani ya atelye ya nyumbani kunahitajika mashine ya kukereza chuma, mashine ya kutoboa, jiliwa, tupa na vifaa vya kukata hesi. Tundu la silinda linakerezwa mpaka liwe duara kamili na laini. Pistoni ikibana, injini inakwama. Ikilegea, mvuke unapita pembeni bila kufanya kazi.

Kando ya silinda kuna kisanduku kidogo ambamo vali inateleza mbele na nyuma. Vali hiyo inaruhusu mvuke kuingia upande mmoja wa pistoni, huku ikifungulia njia ya kutoka mvuke uliokwisha kufanya kazi upande wa pili. Inasukumwa na mhimili uleule unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo lazima ifungue kwa wakati wake. Ikiwahi au ikichelewa, injini inagugumia.

Mafundi wengi hujaribu injini mpya kwa hewa ya kompresa kabla ya kuipa mvuke. Ikikosea, inasimama tu. Fundi anafungua, anarekebisha, anajaribu tena. Hakuna anayeumia.

Boila ni jambo lingine

Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida, yanapanuka karibu mara 1.600. Ndani ya boila hayana nafasi ya kupanuka, kwa hiyo presha inapanda na maji yanabaki maji hata yakipita digrii 100. Kwenye presha ya bari 5, joto linafika karibu digrii 159. Boila ikipasuka wakati huo, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke mara moja. Ndiyo maana hata chungu kidogo kinaweza kuunguza mtu vibaya au kumuua.

Kwa sababu hiyo boila nyingi za injini ndogo zinatengenezwa kwa shaba nyekundu, madini ambayo Katanga inayajua vizuri, kwani jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Shaba nyekundu inapitisha joto upesi, haishikwi na kutu kama chuma, na inakubali kukunjwa ikishapashwa moto.

Vipande vyake vinaunganishwa kwa lehemu ya fedha, inayoyeyuka kwenye digrii zaidi ya 600. Lehemu ya bati na risasi, ile ya mafundi wa redio, inaanza kuyeyuka kwenye digrii 183. Ukilinganisha na zile 159, nafasi iliyobaki ni ndogo mno, na lehemu hiyo inapoteza nguvu kabla hata haijayeyuka. Vilevile, sehemu zinazofungwa hesi kwenye boila hutengenezwa kwa bronzi, si kwa shaba ya njano, kwa kuwa maji ya moto yanakula zinki iliyo ndani ya shaba ya njano na kuiacha dhaifu.

Jicho la pili

Fundi anaweza kuyajua hayo yote na bado akakosea. Lehemu inaweza kuonekana nzuri kwa nje huku ndani haikuingia. Tena aliyekaa miezi mingi juu ya kazi yake ndiye wa mwisho kuona kasoro yake. Hivyo vyama vya mafundi hao nchini Uingereza vina utaratibu: aliyetengeneza boila hajipi cheti mwenyewe. Mkaguzi wa chama ndiye anayeipima.

Boila mpya inajazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke. Kisha maji yanasukumwa kwa pampu ya mkono hadi presha mara mbili ya ile ya kazi. Boila ya bari 5 inapelekwa mpaka bari 10. Mkaguzi anatazama kama inavuja, inavimba au inapinda. Maji yanatumika kwa sababu hayabanwi kama hewa: boila ikishindwa, yanachirizika na presha inaanguka papo hapo. Hewa ingelipuka.

Baada ya hapo moto unawashwa na mvuke unapandishwa. Hata moto ukiwa mkali, vali ya usalama lazima itoe mvuke wa kutosha ili presha isizidi ile ya kazi kwa zaidi ya asilimia 10. Ndipo cheti kinatolewa, nacho kina mwisho wake. Miaka ikipita, boila inarudi kwa mkaguzi na kupimwa tena kwa maji, mara hii kwa presha mara moja na nusu.

Mvuke na Congo

Jarida la Kiingereza la mafundi hao, Model Engineer, lilianzishwa na Percival Marshall mwaka wa 1898. Mwaka uleule, reli kutoka Matadi ilifika Léopoldville, leo Kinshasa, na treni za mvuke zikaanza kupita mahali ambapo mizigo ilibebwa vichwani. Mwaka wa 1910 reli ikafika Elisabethville, leo Lubumbashi. Na mwaka wa 1915, magari mawili ya mvuke yalitumiwa kuvuta mashua za vita Mimi na Toutou kupitia milima ya Katanga, tokea Fungurume, zikielekea ziwa Tanganyika.

Mashine hizo zimepita, lakini presha haijapita. Iko katika tangi la kompresa la fundi wa matairi, kando ya barabara, karibu na watoto wanaopita. Hewa iliyobanwa inaacha maji chini ya tangi, na maji hayo yanakula chuma kwa ndani pole pole. Kwa nje rangi inaweza kuwa ingali nzuri.

Wanavyofanya mafundi wa injini ndogo kinawafaa wenye tangi hizo pia: kumwaga maji ya chini kila siku, kutogusa wala kuziba vali ya usalama, kutoziba tundu la kutu kwa kuchomelea na kurudisha tangi kazini bila kupimwa, kupima kwa maji wala si kwa hewa, na kumwita fundi mwingine mwenye ujuzi aangalie. Kumwita si kukosa imani na kazi yako. Ni kwa ajili ya anayesimama pembeni ya tangi.