Impala: Swala wa Afrika aliyetawala barabara za Marekani

KATIKA mji wa Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kuna hifadhi ndogo iliyotengwa mwaka 1992 ili kuwalinda swala pala waliosalia katika eneo hilo la ziwa. Mkazi wa kisiwa cha Rusinga anayesafiri kwenda Kisumu anaweza kumwona huko mnyama ambaye Wazulu humwita impala, jina ambalo Waingereza nao walilichukua.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilohilo lilipata kuwa maarufu Marekani kuliko lilivyo huku kwetu, na kwamba halikuwa la mnyama bali la gari.

Mwaka 1958 kampuni ya Chevrolet, iliyo chini ya General Motors, ilizindua gari kubwa la kifahari, ikalipa jina la Impala na kulipamba kwa alama ya swala anayeruka. Miaka saba baadaye, mwaka 1965, Impala zaidi ya milioni moja ziliuzwa kwa mwaka mmoja.

Swali ni hili: iweje gari lililobeba jina la swala wa Afrika litapakae Marekani nzima, na huku Afrika Mashariki liwe kama ndoto ya mchana?

Kwanza ni vyema kuelewa Chevrolet ilivyoyapanga magari yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni hiyo iliuza gari moja kubwa kwa majina mengi. Chesisi ilikuwa moja na sehemu kubwa ya bodi ilikuwa ileile. Kilichotofautisha daraja moja na jingine ni vitambaa vya viti, mapambo ya kromu, vifaa vya ndani na bei.

Kuanzia mwaka 1953 ngazi hizo zilikuwa tatu. Chini kabisa ilikuwa One-Fifty, katikati Two-Ten, na juu Bel Air. Mwaka 1958 majina mawili ya chini yaliondolewa, yakaingia Delray na Biscayne. Impala ilianza kama Bel Air ya hali ya juu, kisha mwaka 1959 ikawa ngazi yake yenyewe. Kuanzia hapo Biscayne ilikuwa gari la polisi, la teksi na la makampuni. Bel Air ilikuwa ya mtu wa kipato cha kati. Nayo Impala ilikuwa ya aliyetaka jirani atambue kwamba mambo yamemnyookea.

Mageuzi makubwa ya mitambo yalikuja mwaka 1955. Mhandisi Ed Cole na wenzake walitengeneza injini mpya yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Ilikuwa na ukubwa wa lita 4.3 na nguvu-farasi 162, na ilikuwa nyepesi na rahisi kuunda. Kabla ya hapo, Chevrolet ilijulikana kama gari la kutegemewa lakini lisilo na mbio. Baada ya hapo, hata vijana walianza kulitamani.

Nje ya gari, kila mwaka ulikuja na sura yake. Hilo halikutokea kwa bahati. Lilikuwa mpango wa makusudi wa General Motors wa kulifanya gari la mwaka jana lionekane kuukuu hata kama lilikuwa zima kabisa. Chevrolet ya mwaka 1959 ilikuwa kilele cha mchezo huo: ilikuwa na urefu wa mita 5.36, upana wa zaidi ya mita mbili, na mapezi mawili ya bati nyuma yaliyolala kama mbawa za ndege anayetua. Mwaka 1961 mapezi hayo yalikuwa yamekwisha kuondolewa.

Hata hivyo, uzuri huo ulikuwa na kasoro iliyojificha. Kati ya mwaka 1958 na 1964 magari hayo yalijengwa juu ya chesisi yenye umbo la herufi X. Iliwezesha gari kuwa la chini na la kuvutia, lakini haikuwa na vyuma vya pembeni vya kuwakinga abiria. Usukani ulikuwa mgumu, breki zote zilikuwa za ngoma, na mikanda ya usalama haikuwa lazima.

Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani iligonganisha Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Wengi walidhani bati nene la zamani lingeshinda. Matokeo yakawa kinyume. Sehemu ya dereva ya Bel Air iliporomoka, na wataalamu wakasema dereva wake angefariki, ilhali yule wa Malibu angeumia mguu tu.

Sasa turudi kwenye swali la nani aliyeyanunua. Impala ya mwaka 1959 iliuzwa kati ya dola 2,500 na dola 3,000. Aliyeifanya bei hiyo ifikiwe na watu wengi hakuwa mhandisi peke yake, bali pia chama cha wafanyakazi.

Mwishoni mwa mwaka 1936 wafanyakazi wa General Motors katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, waliketi ndani ya viwanda na kukataa kutoka. Mgomo huo uliendelea kwa siku 44, hadi Februari 1937, ambapo kampuni ilikubali kukitambua chama chao. Mwaka 1950 chama hicho, kikiongozwa na Walter Reuther, kilitia saini mkataba wa miaka mitano uliowapa wanachama pensheni na mishahara iliyopanda kadiri gharama ya maisha ilivyopanda. Hivyo aliyefunga milango ya gari kiwandani aliweza naye kulinunua.

Hapo ndipo Rusinga inapoingia katika simulizi hii.

Tom Mboya, ambaye wazazi wake walikuwa wenyeji wa kisiwa hicho, alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Kenya alipozuru Marekani mwaka 1956. Alifika wakati Chevrolet zenye injini mpya zilipokuwa zimejaa mabarabarani. Lakini alichokitafuta hakikuwa gari. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, ambalo chama cha watengenezaji magari kilikuwa mwanachama wake, lilitoa dola 35,000 za kujenga makao ya wafanyakazi jijini Nairobi, jengo lililopewa jina la Solidarity.

Mnamo Septemba 1959, mwezi ambao magari yenye mapezi yalikuwa bado mapya, wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki waliwasili New York kwa ndege aliyosaidia kuiandaa Mboya. Mamia wengine walifuata katika miaka iliyofuatia. Waliporejea, walishika nafasi katika wizara, vyuo na mahakama za taifa changa.

Magari yenyewe hayakuwafuata kwa wingi. Sababu ya kwanza ilikuwa fedha. Fedha za makoloni mengi ya Uingereza zilifungamanishwa na pauni, na baada ya vita dola zilikuwa adimu na matumizi yake yalidhibitiwa. Ilikuwa rahisi zaidi kuagiza Morris, Ford za Uingereza au Land Rover.

Sababu ya pili ilikuwa usukani. Kenya huendesha upande wa kushoto, na Chevrolet nyingi ziliundwa kwa barabara za upande wa kulia. Zenye usukani wa kulia zilitoka hasa Kanada, zikaunganishwa katika nchi kama Afrika Kusini na Australia.

Sababu ya tatu ilikuwa barabara na petroli. Gari la zaidi ya mita tano, lenye tumbo la chini na kiu ya mafuta, halikufaa katika udongo mweusi wa Lambwe wakati wa masika. Peugeot iliyoinuka na yenye springi laini ilimfaa zaidi dereva wa Nyanza. Rusinga kwenyewe hakukuwa hata na njia ya gari kutoka bara mpaka lilipojengwa tuta la Mbita miaka ya 1980, ambalo nafasi yake ilikuja kuchukuliwa na daraja.

General Motors ilikuja Kenya kwa mlango mwingine. Mwaka 1975 ilikubaliana na serikali kujenga kiwanda jijini Nairobi, na uundaji ukaanza mwaka 1977. Kilichotoka humo zaidi kilikuwa malori, mabasi na pikapu, magari ya kubebea watu na mizigo yao. Mwaka 2017 General Motors iliuza hisa zake kwa Isuzu.

Huko Marekani, Biscayne ilikoma mwaka 1972 na Bel Air mwaka 1975. Impala ilififia, ikafufuliwa mara kadhaa, na ya mwisho ikatoka kiwandani Februari 2020.

Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa Rusinga, ambako kaburi lake hutembelewa hadi leo. Nje yake hupita bodaboda na magari madogo ya mitumba kutoka Japani, ambayo wanaoyaendesha hawakushiriki kuyaunda. Pengine hilo ndilo fundisho la Impala: gari kubwa lilienea pale ambapo mfanyakazi alilipwa kiasi cha kuweza kununua alichokitengeneza. Madai hayo ndiyo aliyoyapigania marehemu, na bado hayajatimizwa kikamilifu.