Ukivuka Vilima Peke Yako

Leo nazungumza nawe unayetoka hapa Mbumbuni peke yako, pengine kumtafuta ng'ombe aliyepotea, ukateremka vilima kuelekea Mto Athi na kulala njiani. Wako pia vijana wanaopanda Milima ya Chyulu na mabegi mgongoni kwa kujifurahisha tu. Ushauri ni ule ule.

Mwili ukipungukiwa na maji, kichwa huuma, misuli hukaza, mkojo huwa mchache na wa rangi nzito. Baadaye akili huvurugika. Ukiwa na mwenzako, atakuona unayumba akuvute kivulini. Ukiwa peke yako, anayepaswa kutambua hatari ni yule yule aliyevurugika. Kwa hivyo amua ukiwa bado nyumbani: maji yakibaki nusu kabla sijafika nusu ya safari, narudi, hata kama ng'ombe hajaonekana.

Maji kiasi gani? Mtu anayepanda kilima juani aweza kutoka jasho la lita moja kwa saa. Chupa moja ya soda ni ya kulowesha midomo tu. Beba mtungi wa lita tano, na zaidi ukiweza. Tembea alfajiri na jioni. Kuanzia saa tano hadi saa kumi, kaa kivulini. Wala usidanganywe na majani mabichi. Chyulu ni kijani lakini haina mito, kwa kuwa mvua hupenya katika mawe ya volkano na kutokea mbali kule chemchemi za Mzima. Katika mito yetu ya mchanga waweza kuchimba ukapata maji, lakini punda naye hunywa na kunya hapo hapo. Yachuje kwa leso safi, kisha yachemshe hadi yatokote.

Kama unatumia dawa ya presha inayokufanya ukojoe mara kwa mara, usiiache. Pitia kituo cha afya kwanza tuzungumze.

Usiku vaa viatu vilivyofunika mguu na uwashe tochi. Bafe, yule nyoka mnene, hakimbii akisikia kishindo. Hujilaza njiani ukamkanyaga. Akikuuma usichanje jeraha, usifunge kamba, wala usipoteze muda na jiwe jeusi. Vua viatu na pete kabla ya uvimbe, tuliza mguu, uitishe msaada ufikishwe hospitali.

Lakini mabondeni simu mara nyingi hazishiki. Najua wanaume wengi huona haya kuaga, wakasema tu, "Nitarudi kesho." Hiyo haitoshi. Mwambie mke wako au jirani utapitia wapi, utalala wapi, na ikifika saa ngapi hujaonekana waanze kukutafuta. Saa hiyo iandikwe kwenye karatasi ibaki nyumbani.