KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: DAWA NDANI YA PROTINI

Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Tazameni kifua kikuu.

Mwaka 1882 Robert Koch, daktari Mjerumani, alitangaza kuwa amegundua bakteria waletao ugonjwa huu. Mwaka uo huo, huko Messina, Italia, Ilya Metchnikoff aliona katika kiumbe wa baharini seli zinazomeza vitu vigeni. Sisi pia tunazo, huitwa makrofaji, nazo ni askari wa mwili. Lakini bakteria wa kifua kikuu ni wajanja. Wakimezwa, huzuia vimeng'enya visiingie katika kifuko walichomo, wakaishi na kuzaana humo humo ndani ya askari!

Kuwafikia ni kazi, na kwa kawaida mgonjwa humeza tembe miezi 6. Mjomba wangu aliacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimeisha. Kikarudi, matibabu yakaanza upya.

Sasa wanasayansi wanauliza: ikiwa askari huyu ni mlafi, mbona asilishwe dawa? Huchukua albumini, protini iliyo katika damu, wakaiyeyusha pamoja na dawa. Kisha huitia katika mafuta na kuikoroga kwa kasi mpaka iwe matone madogo sana. Matone hayo yakipashwa moto huganda, kama vile ute wa yai kwenye kikaango. Chembe ya mikromita 2 hivi humezwa vizuri. Zipange 500 foleni, ndipo upate milimita moja tu.

Kifuko chenye chembe hakizuiwi na mtu. Vimeng'enya huingia, huisaga protini polepole, na dawa hutoka kidogo kidogo mle mle alimojificha adui. Protini iliyopashwa moto zaidi hushikamana zaidi, kwa hivyo dawa hukawia zaidi kutoka. Mabaki ni asidi amino, ambazo mwili huzitumia.

Shida hazikosi. Moto mwingi waweza kuharibu dawa yenyewe, na chembe kubwa mno haimezeki. Kwa hivyo, kwa kifua kikuu, chembe hizi zingali maabarani. Lakini albumini si mgeni katika kazi hii: mwaka 2005 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti inayobebwa nayo.

Wenzangu, mpaka siku hiyo ifike, tembe ndizo silaha yetu. Aliyezianza azimalize, hata kikohozi kikiisha.